Mistari 37, hakuna kolamu

Juzi usiku nilikuwa natafuta wateja wa maji ambao mita zao hazijasomwa kwa muda mrefu. Nikafuta majina ya kolamu (safu za jedwali, kama jina au namba ya mita) ili niandike mengine, mkono ukatangulia, nikabonyeza Enter. Swali lililofika PostgreSQL, programu inayotunza data yetu, likawa hili:

SELECT FROM wateja WHERE siku_ya_kusomwa < '2025-05-01';

Nilitegemea kufokewa. psql, programu ya kuandikia maswali ya PostgreSQL, ikanijibu kwa vistari viwili, --, na chini yake (37 rows). Basi.

Nilivitazama vile vistari kwa muda. Wale 37 wapo kweli. Sikuomba jina wala namba ya mita ya yeyote, lakini wametimiza sharti la WHERE na wamehesabiwa. Konda wa daladala akihesabu vichwa haulizi mtu anaitwa nani.

Nikalipeleka swali lilelile kwenye ukurasa wa ripoti nilioutengeneza kwa Python. Ukaandika: "Hakuna matokeo." Hapo roho ilishtuka, maana kuna watu wanaufungua ukurasa huo kila asubuhi na kuuamini. Kwenye kodi nilikuwa nimeandika kwamba orodha ya kolamu ikiwa tupu, hakuna cha kuonyesha. Orodha ilikuwa tupu kweli, ila fetchall(), amri ya Python inayoleta mistari yote ya jibu, ilikuwa imerudi na mabano matupu 37: (), (), (), mpaka mwisho. Kukosa kolamu na kukosa mistari ni mambo mawili tofauti, nami nilikuwa nimeyafunga kamba moja.

PostgreSQL inaruhusu SELECT ya namna hii tangu toleo la 9.4, la mwaka 2014. Jedwali lisilo na kolamu lilikuwa linakubalika hata kabla ya hapo (jaribu CREATE TABLE tupu (), uone). MySQL na SQLite, programu nyingine za kutunza data, hukataa SELECT kama hiyo papo hapo, zikidai sintaksia ina kosa.

Mimi naipenda hasa ndani ya EXISTS, sharti linalouliza tu kama kuna mstari wowote:

WHERE EXISTS (SELECT FROM malipo WHERE malipo.mteja = wateja.id)

Zamani niliweka SELECT 1 hapo, na kila kijana mgeni kazini aliniuliza hiyo moja ni ya nini. Haikuwa na kazi yoyote. Tunachouliza ni kama malipo yapo au hayapo.

Ukurasa nimeurekebisha. Sasa unahesabu mistari kwanza, ndipo unatafuta kolamu. Nililirudia swali la juzi, ukaandika: "Mistari 37, hakuna kolamu."