Saa kumi na mbili jioni: mkutano au jua?

Ukikaa Mombasa, ukaandika programu za watu wa ng'ambo na kupiga picha pembeni, kinachokukera zaidi si uchache wa muda. Kinachokera ni kwamba kazi hizo mbili zinang'ang'ania vitu vilevile: jioni ileile, laptop ileile, macho yaleyale, laini ileile ya intaneti. Kuamka mapema zaidi hakutoshi. Dawa ni kuzitenganisha, kitu kimoja baada ya kingine.

Tuanze na jioni. Hapa jua linatua kati ya saa 12:10 na saa 12:45 mwaka mzima, na halina mapozi. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linashuka karibu wima, digrii moja kila dakika 4. Likifika digrii 6 juu ya upeo wa macho, ile nuru ya dhahabu unayoitafuta imebakiza dakika 25 hivi. Baada ya hapo kuna samawati ya dakika 20 na kidogo, kisha giza. Mafunzo ya Ulaya yanayokuambia utembee taratibu ukitafuta pembe nzuri yanahesabu jua la kwao.

Sasa weka mkutano wa kila siku na timu ya New York, saa 4 asubuhi yao. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, hiyo ni saa 11 jioni kwetu. Ukiisha kwa nusu saa, unawahi. Novemba wanarudisha saa zao nyuma, mkutano unahamia saa 12 jioni, na huo ndio mwezi ambao jua letu linatua mapema kuliko miezi yote, mnamo saa 12:12. Ombi la kusogeza mkutano lipeleke Oktoba, kabla watu hawajazoea ratiba mpya. Kama unaaminiwa kuandaa kalenda, weka mkutano kwa saa za UTC, saa ya dunia isiyosogezwa mbele wala nyuma: kwetu hautasogea hata dakika, na wao ndio watakaouona umehama. Ni ujanja kidogo, lakini wao wanatufanyia mwaka nenda mwaka rudi.

Hata hivyo, asubuhi ni bora. Jua linachomoza kati ya saa 12 kasoro kidogo na saa 12:30, na Mji wa Kale unatazama mashariki, ukivuka maji ni Nyali. Kwa hiyo nyumba za ukingoni na kuta za Fort Jesus zinazotazama bahari, ngome iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, zinapigwa na nuru usoni asubuhi. Jioni zote ziko kivulini, na picha iliyobaki ni ya umbo jeusi ukiwa upande wa English Point. Ndani ya vichochoro vya Ndia Kuu, mtaa wa humohumo Mji wa Kale, jua linachelewa kuingia, hivyo anzia majini, malizia vichochoroni, na saa 2 uko mezani kwako. Kivuko cha Likoni na bandari ya Kilindini viache. Kutoa kamera kubwa huko ni kutafuta maswali ya askari.

Kero ya pili watu wanaitambua ikiwa imeshachelewa: AC ya ofisini. Kamera iliyokaa kutwa kwenye chumba cha nyuzi 22 ina baridi ya nyuzi 22. Nje, wakati wa Kaskazi, kuna nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, na hewa ya namna hiyo inaanza kutoa maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25. Ukitoka tu, lenzi inaota ukungu, na ukiifuta inaota tena, maana kioo bado ni baridi. Ukibadilisha lenzi wakati huo, maji yanaingia mpaka kwenye sensa. Kabla hujatoka, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, toa hewa, uweke kwenye begi nje ya AC kwa dakika 20 hadi 30. Maji yatajikusanya juu ya plastiki, si juu ya lenzi. Usifungue mfuko mpaka uuguse uone hauna ubaridi. Betri na kadi zitoe kabla, usije ukahitaji kuufungua katikati.

Unyevu huohuo ndio unaozaa kuvu ndani ya lenzi, nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kuvu hula ule mpako wa kioo, na alama yake haitoki hata fundi akiisafisha. Angalia kila mwezi: fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, tazama kwa mshazari. Kinga yake ni rahisi. Nunua kontena la plastiki la lita 10 au 20 lenye mpira kwenye kifuniko, weka gramu 300 za silica gel, chembe zinazofyonza unyevu, na kipima unyevu kidogo, na ulenge asilimia 40 hadi 50. Kipimo kikipanda kupita 55, kausha chembe hizo kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili, zipoe ndani ya chombo kilichofungwa. Usitumie mchele, unaacha vumbi. Wala usihifadhi lenzi ndani ya mkoba wa ngozi, ngozi inakunywa unyevu na kuutunza. Ukitoka ufukweni, chumvi ipulize kwanza kwa pampu ya mpira, kisha futa kwa kitambaa laini chenye unyevunyevu. Ukifuta pakavu, chumvi inakwaruza.

Laptop nayo ina ugomvi wake. Faili moja ya RAW, yaani picha ghafi isiyobanwa kuwa JPEG, kutoka kamera ya megapikseli 24 ni kama MB 25 hadi 30, hivyo arusi ya picha 600 inakula GB 15 hadi 18 kabla hujahariri. Upande wa pili Docker, chombo cha kuendeshea programu ndani ya makasha yake, imejaza diski kimyakimya. Endesha `docker system df` uone, kisha `docker system prune -a` ufute visivyotumika. Usiongeze `--volumes` kwa mazoea, inaweza kuondoka na hifadhidata zako za majaribio. Picha zikae kwenye SSD ya nje, mbali kabisa na folda za miradi, la sivyo kihariri chako cha msimbo kitazipekua zote na feni kupiga kelele bila sababu.

Na kuna mtego wa Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo. GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi hiyo, inakataa faili inayozidi MB 100 na kuonya kuanzia MB 50, lakini RAW ya MB 28 inapita bila neno. Ukija kuifuta, inabaki kwenye historia, na kila anayepakua mradi anaibeba. Andika `*.CR3`, `*.NEF` na `*.ARW`, majina ya faili za RAW, kwenye gitignore (orodha ya faili za kurukwa) ya mashine nzima, kupitia `core.excludesFile`, umalize.

Kamera zinahesabu picha hadi 9999 kisha zinarudi 0001, kwa hiyo majina yatagongana siku moja. Nakili kadi kwa `rsync -a` ndani ya folda mpya yenye tarehe, endesha tena ukiongeza `--checksum` kuhakiki, ndipo ubadilishe majina kwa `exiftool`, inayosoma tarehe iliyo ndani ya picha:

`exiftool '-FileName<DateTimeOriginal' -d %Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e folda/`

Hiyo `%%-c` ndiyo inayookoa picha zilizopigwa ndani ya sekunde moja. Mkiwa wapigapicha wawili, kila kamera ipige picha ya saa ya simu moja mwanzoni. Ikiwa moja imechelewa sekunde 47, `-AllDates+=0:0:47` inazilinganisha. Kadi ifute ndani ya kamera yenyewe, baada ya nakala mbili kuwa tayari.

Macho: zima ile hali ya usiku inayofanya skrini kuwa ya manjano kabla ya kugusa rangi. Ukiiacha, utaisahihisha manjano ambayo haipo, na bibi arusi atatoka na uso wa samawati. Skrini iking'aa mno chumba kikiwa na giza, picha zilizochapishwa zitatoka nyeusi.

Kutuma kazi ni hesabu tu. JPEG 300 za MB 8 ni GB 2.4, kwa laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa nzima, na wakati huo mkutano wako wa video unakatikakatika. `rclone`, programu ya kutuma faili kwenye wingu, ina ratiba yake: `--bwlimit "08:00,300k 19:00,off"`, yaani mchana itumie kama nusu ya laini na kuanzia saa 1 usiku iachiwe.

Lakini picha za kupamba zina adabu yake. Ni hafla ya arusi ya wanawake pekee, mara nyingi simu zinakusanywa mlangoni, na mpigapicha ni mwanamke. Mtaalamu wa programu anayemsaidia dada yake kutuma picha hizo asiziweke kwenye hifadhi ya wingu ambayo kila mwenye kiungo anaifungua. Zima kwanza usawazishaji wa kiotomatiki kwenye folda hiyo, na utambuzi wa nyuso pia. Kiungo kiwe na nywila inayotumwa kwa njia nyingine, na kife baada ya siku 7. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uwe na msingi halali wa kushika sura za watu, lakini hapa mama wa bibi arusi ndiye sheria ya kwanza. Muulize kabla ya siku yenyewe: nakala zikae wapi, nani azione wakati wa kuhariri, na zifutwe lini. Jibu lake liandike kwenye mkataba pamoja na bei.