Kumbukumbu ya mradi wangu: ncha ya mche wa mahindi na nuru ya upande mmoja

Mradi huu unajibu swali moja: mche wa mahindi unapopinda kuelekea mwanga, ni sehemu ipi inayoutambua mwanga huo, na ni ipi inayopinda? Charles Darwin na mwanawe Francis walilichunguza jambo hili kwa miche ya nyasi na kuchapisha matokeo yao mwaka 1880, nami ninalirudia jaribio lao kwa mahindi ya sokoni, makopo na karatasi ya alumini.

Mbegu hulowekwa usiku kucha, kisha huoteshwa ndani ya boksi lisilopenya mwanga. Kinachochunguzwa ni ile ala nyeupe inayolifunika jani la kwanza. Jani likishaitoboa, mche huo haufai tena. Kabla ya kutoboa tundu ubavuni mwa boksi, baadhi ya miche niliivika kofia za alumini zilizofunika ncha tu, mingine kofia za plastiki angavu, na mingine niliizungushia alumini kwa kuilegeza chini ya ncha, ncha ikabaki wazi. Kofia za plastiki ndizo ninazozithamini zaidi, kwani bila hizo mtu angeweza kudai kwamba kinachouzuia mche kupinda ni uzito wa kofia, wala si giza.

Hadi sasa, miche iliyoachwa wazi na ile yenye plastiki imepinda kuelekea tunduni. Iliyozibwa ncha imesimama wima, isipokuwa michache iliyoinama kidogo, huenda kwa nuru iliyopenya ukingoni mwa kofia. Iliyofunikwa chini ya ncha imepinda vilevile, kama ilivyokuwa kwa akina Darwin walipofukia sehemu ya chini ya miche yao kwa mchanga mweusi laini. Ncha huhisi, na sehemu iliyo chini yake hutenda. Kwa hiyo lazima kuwe na ujumbe unaoshuka.

Ujumbe huo ni homoni iitwayo auksini. Katika miaka ya 1920, Mholanzi Frits Went alikata ncha za miche ya nafaka iitwayo oti, akaziweka juu ya vipande vya agari (jeli itokanayo na mwani) ili auksini iingie humo, kisha akakiweka kipande cha agari peke yake upande mmoja wa mche usio na ncha. Mche ukapinda gizani, ukiukimbia upande huo. Nuru inapotoka upande mmoja, auksini hukusanyika upande wenye kivuli, na seli za huko hurefuka kupita zile za upande wa pili. Mche, basi, hauvutwi na mwanga, bali husukumwa na ukuaji wa mgongo wake wenyewe, maelezo ambayo kwangu ni mazuri kuliko jaribio lenyewe.

Kwa kuwa kinachoamsha mwinamo huu ni hasa nuru ya buluu, hukagua miche kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu. Hatua inayofuata ni kulaza kopo gizani, ili mvutano wa dunia uchunguzwe bila kuchanganywa na nuru.