Kijiko kisichoshika

Jumatano, usiku

Sumaku niliipata kwa fundi redio wa mtaani kwetu hapa Mwanza. Aliing'oa nyuma ya spika iliyochanika, akaipangusa vumbi, akaikataa hela yangu. "Ya watoto, mwalimu? Chukua tu." Ni duara jeusi lenye tundu katikati, zito kuliko linavyoonekana. Siku nne limekaa mkobani mwangu, na kila nikitafuta funguo nazikuta zimeling'ang'ania.

Leo nimeliingiza darasa la tano. Watoto 72, sumaku moja. Kila safu ya madawati ilileta vitu vyake: misumari, vizibo vya soda, waya wa shaba, kipande cha bati, kifuniko cha sufuria. Sharti lilikuwa moja: kabla kitu hakijaguswa, kila mtu aandike kama kitashika au hakitashika. Bati likashika. Vizibo vikaruka vyenyewe. Kifuniko cha sufuria kikagoma, darasa likalipuka kwa kelele, maana karibu wote walikuwa wameandika kitashika. Kinang'aa, kigumu, ukikigonga kinalia. Kwa nini kisishike? Nikawaeleza kwamba kile ni aluminiamu, nayo haivutwi hivyo hata ikifanana na chuma kiasi gani.

Kisha binti mmoja akasimama na vijiko viwili kutoka kwao, vyote stenlesi. Kimoja kikashika. Cha pili kikateleza kikaanguka sakafuni. Akakiokota, akajaribu tena upande wa mpini, kikaanguka tena. Akatazama ubaoni, nilikokuwa nimeandika kwa mkono wangu: Sumaku huvuta vitu vyote vya chuma. Kisha akanitazama mimi.

Mwaka jana kijana mmoja aliniambia jambo hilihili, kwamba kijiko cha kwao ni cha chuma na hakishiki. Nilimwambia hakujaribu vizuri. Kwenye daftari lake niliweka mkasi, alama ya kosa, kwa wino mwekundu. Sikukiomba hata hicho kijiko nikakiona.

Baadaye ndipo nikasoma. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu ili kisipate kutu, na aina nyingine huongezwa nikeli. Nikeli ikitosha, chembe za chuma hujipanga kwa namna nyingine na mvuto wa sumaku hupotea karibu wote. Ajabu ni kwamba nikeli yenyewe, ikiwa peke yake, huvutwa na sumaku! Nimelisoma hilo mara tatu na bado linanishangaza. Basi leo nimechukua dasta, nikafuta neno "vyote" mbele yao, nikamwomba yule binti asimulie alichokiona. Wakaandika maneno yake.

Mapumziko waliiburuta sumaku uwanjani. Ikarudi imeota ndevu nyeusi. "Mwalimu, mchanga unashika!" Ile ni magnetaiti, madini yenye chuma ndani yake, imechanganyika na mchanga tunaoukanyaga kila siku. Kuzibandua zile punje ni kazi. Nimewaambia kesho tuifunge sumaku kwa karatasi kwanza, tukiivuta karatasi zitaanguka zenyewe.

Springi tulizigusa kipindi cha mwisho. Mtoto ambaye mama yake anauza samaki wa sato mwaloni, wanakoshushia samaki, alileta mizani mbovu ya kuning'iniza, kioo kimepasuka, springi haijakatika. Tukaitundika kwenye boriti, tukaning'iniza chupa za maji za lita moja na nusu. Chupa ya kwanza, springi ikarefuka karibu sentimita moja. Ya pili, nyingine moja. Ya tatu walikuwa wameshaanza kutaja jibu kabla sijasoma rula. Mwingereza Robert Hooke aliichapisha kanuni hiyo, kwamba springi hurefuka kulingana na uzito, mwaka 1678, ila leo jina lake sikulitaja. Waliifikia wenyewe na sikutaka mtu mwingine aingie katikati.

Mwingine akaivuta springi ya kalamu mpaka ikanyooka na haikurudi. Akaogopa. Nikamwomba aipitishe kwa wenzake waione: kila springi ina mpaka wake, ukiuvuka hairudi ilivyokuwa. Mtoto wa mwaloni akasema hiyo ndiyo sababu mizani yao iliachwa, ilikuwa inazidisha uzito na wateja wakalalamika. Kweli kabisa. Springi iliyolegea hubaki imerefuka, na kwa samaki yuleyule mshale husogea mbele zaidi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja amenieleza kwa nini mizani za sokoni hukaguliwa.

Yule kijana wa mwaka jana sasa yuko darasa la sita, chumba cha pili kutoka changu. Vile vijiko nimeviazima. Vimo mkobani pamoja na sumaku, kimoja kimeigandia. Kesho kabla ya mstari nitamwita ajaribu mwenyewe, kisha nimwombe lile daftari kama bado analo.