Jinsi nilivyookoa mafaili kwenye diski iliyoanza kugonga
Kompyuta ilianza kwa kuganda ganda, kisha nikasikia mlio: tik, tik, tik. Nikaizima papo hapo. Diski ikishaanza kugonga hivyo, kuiacha izunguke ni kuimalizia.

Niliichomoa, nikaiunganisha na kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, nikaendesha ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenye mfumo wa Linux. Uzuri wake, hunakili kwanza sehemu zinazosomeka vizuri, ndipo hurudia zile mbovu. Ilikesha usiku kucha. Mafaili niliyafungua kwenye nakala, si kwenye diski yenyewe. Mengi yalipona, folda moja ilitoa picha nusu sura, nusu kijivu. Hizo basi tena.

Sasa nina diski ya nje na nakala nyingine mtandaoni. Ya nje naichomeka kila Ijumaa, ikimaliza naichomoa, maana kirusi kinachofunga mafaili hufunga na diski iliyochomekwa. (Usawazishaji wa mafaili kati ya kompyuta na mtandao peke yake usikudanganye: ukifuta huku, na kule kunafutika.) Kila mwezi narudisha faili moja nione kama linafunguka. La mwezi uliopita lilikataa. Kumbe kebo ilikuwa imelegea, na diski haikuwa imenakili kitu kwa wiki mbili.