Nilivyoipandisha tovuti ya karakana ya Baba kwa maneno ya wateja wake

Miezi mitano tovuti ya karakana yetu haikuonekana popote Google, na miezi yote hiyo nilikuwa namlipa mtu aipandishe. Nikikumbuka bado nakasirika, maana hela ile ilitoka kwenye vitanda alivyovipiga randa Baba kwa mikono yake pale Keko.

Huyo bwana alijiita mtaalamu wa injini za utafutaji, akachukua laki nne na ushee za kuanzia. Akaniuzia viungo (linki) 500 kutoka tovuti nyingine kuja kwetu, eti Google ikiona wengi wanatuelekezea watu itatupandisha. Nilipoomba kuviona alinitumia orodha ndefu ya tovuti za kamari, blogu za Kirusi na kurasa zenye maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kisha chini kabisa ya ukurasa wetu wa mbele akabandika "fanicha" na "samani" mara 80 hivi, herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, eti wateja wasione ila Google ione. Nikamwamini. Baadaye ndipo nikasoma miongozo ya Google wenyewe, nikakuta yote mawili yamekatazwa waziwazi. Viungo vya kununua walivikaba kwa nguvu tangu mwaka 2012, kwa mabadiliko yaliyoitwa Penguin. Hata yale maneno muhimu aliyoyajaza kwenye sehemu ya ukurasa isiyoonekana, Google walishasema mwaka 2009 kwamba hawayatumii kupanga matokeo.

Usiku mmoja nikaandika kwenye Google neno site, nukta mbili, halafu anwani yetu. Hivyo ndivyo unavyoona kurasa zako ambazo Google imeziingiza kwenye orodha yake. Jibu: hakuna kitu. Hata ukurasa mmoja! Nikaingia WordPress, mfumo uliojengewa tovuti yetu, nikafungua mpangilio mmoja baada ya mwingine mpaka nikafika kwenye mipangilio ya usomaji. Pale pana kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti, na kilikuwa na tiki. Kijana aliyetujengea alikiwekea tiki wakati kazi haijaisha, jambo la kawaida, akasahau kuitoa. Na mtaalamu wangu, miezi mitano, hakuwahi kuangalia. Nikatoa tiki, nikafuta yale maneno meupe, nikaisajili tovuti Google Search Console, chombo cha Google cha kumwonyesha mwenye tovuti inavyoonekana kwenye utafutaji, nikawasilisha humo ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zetu. Siku ya nne kurasa zikaanza kuingia. Sikulipa hata senti. Kama tovuti yako haionekani kabisa, anzia hapo kabla hujafungua pochi.

Kuingia tukaingia, lakini nafasi ya 60 na kitu nani atafika? Ukurasa wa mbele ulikuwa na kichwa "Nyumbani", unaofuata "Bidhaa", na maandishi yenyewe yalikuwa ya "samani za kifahari kwa makazi ya kisasa".

Hapa ndipo nilipofanya jambo ninalojivunia mpaka leo. Nilimwambia Baba, "Naomba simu yako mpaka kesho." Baba hafuti meseji. Jumapili nzima nikakaa na daftari nikisoma WhatsApp za wateja wa mwaka mzima, nikiandika maneno yao kama walivyoyaandika. Kati ya meseji 200 na ushee, "samani" ilitokea mara mbili tu. Watu waliandika "kitanda 5 kwa 6 mninga bei gani", "kabati la nguo milango mitatu", "shokesi ya kona", "6 kwa 6 ya mkongo ipo?", "mnafikisha Kibaha?" Nikaona kwamba mtu anayemwandikia Baba hivi, Google pia anaiandikia hivyohivyo.

Basi kila kitu nikakipa ukurasa wake. Kichwa kikawa "Kitanda 5 kwa 6 cha mninga: bei na picha, Keko Dar es Salaam". Ndani nikajibu yale yale waliyouliza: siku ngapi, usafiri, mninga na mkongo vinatofautianaje. Majibu nilimwuliza Baba, nikayaandika anavyosema yeye, kwamba mbao isiyokauka vizuri itakupindia mlango wa kabati hata ukiipaka vanishi ya namna gani.

Kwenye bei tuligombana. "Mwanangu, ukiandika bei leo, kesho jirani anashusha elfu kumi." Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha neno "bei" lilivyojaa kila ukurasa. Akanyamaza, kisha akakubali tuandike "kuanzia".

Picha nilishtuliwa na Shangazi wa Mbagala: "Inazunguka tu, bando langu limekwisha." Kumbe kila picha ilikuwa MB 4 au 5, na ukurasa mmoja una 12. Nikazipunguza upana hadi pikseli 1,200, kila moja chini ya KB 150. Majina ya mafaili nayo nikayabadilisha, kutoka tarakimu za kamera hadi kitanda-mninga-5-kwa-6, na kila picha nikaiwekea maelezo mafupi, ambayo pia humsaidia asiyeona anayesomewa na simu. Kagua tovuti yako kwa simu ya bei ndogo, maana Google hutazama sura ya simu inapokupanga.

Karakana nikaiweka pia kwenye ramani ya Google, na kila tukifikisha mzigo namwomba mteja aandike maoni. Usipime nafasi yako kwa kujitafuta mwenyewe kila saa. Majibu hubadilika kulingana na mahali ulipo, kwa hiyo tazama wastani kwenye Search Console, tena kwa wiki.

Mwezi wa tatu "kitanda 5 kwa 6 mninga" ilikuwa nafasi ya 4. Wiki ile mama mmoja alipiga kutoka Kibaha, Baba akamwuliza nani kamwelekeza. "Nimewaona Google, baba." Sasa Baba mwenyewe ndiye ananiletea simu: "Andika na hii, leo watatu wameulizia dabo deka ya watoto." Mbili ziko kwenye msasa, zikikauka vanishi napiga picha, ukurasa wake unaingia Ijumaa.