Kazi moja iliyozaa pacha: nilivyohamishia mradi wetu wa data kwenye terminali

Kazi zetu zote za data kwenye Databricks, jukwaa la mtandaoni la kuchakata data, tulikuwa tunazitengeneza kwa kubonyeza kwenye kivinjari. Tulikuwa wanne, wote tuna ruhusa sawa. Huyu anaongeza klasta (kundi la kompyuta zinazoendesha kazi), yule anasogeza ratiba, asubuhi tunaulizana nani kagusa nini. Mimi ndiye niliyekuwa nikipigiwa simu ripoti ya mauzo ikichelewa, na nilichoka kujibu kwa kubahatisha. Nikaomba wiki moja niuhamishie mradi kwenye mafaili, tuwe tunaupandisha Databricks kwa amri za terminali, dirisha la kuandikia amri.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Niliingia kwa `databricks auth login`, kisha nikaivuta kazi ya mauzo kwa `databricks bundle generate job --existing-job-id` na namba yake. Ikashuka yote: hatua, klasta, ratiba, hata daftari zenye kodi, yaani maagizo ya programu. Kuisoma tu faili ile ya YAML, faili la maandishi lenye mipangilio ya kazi, kulinipa jibu tulilolitafuta muda mrefu. Ratiba ilisema `0 0 2 * * ?`, nasi tuliamini ni saa 8 usiku. Mstari wa chini yake ulisema UTC, saa za kimataifa. Kwa saa zetu hiyo ni saa 11 alfajiri, ndiyo maana ripoti ilikuwa haijakamilika watu wa fedha wanapofika ofisini. Nikaandika `Africa/Dar_es_Salaam`.

Kwenye `databricks.yml` niliweka shabaha mbili, yaani sehemu za kupandishia: `dev` ya majaribio na `prod` ya kazi halisi, na `dev` nikaipa `default: true` ili anayesahau kutaja shabaha asiguse data halisi. Nikapitisha `databricks bundle validate`, nikapandisha, nikaiendesha kwa `bundle run`. Safi. Siku mbili nzima nilijaribu, sikuona kasoro. Jioni ya tatu nikaandika `databricks bundle deploy -t prod` nikaenda kulala.

Asubuhi dada wa fedha akanipigia. "Mdogo wangu, mauzo ya jana mbona yamekuwa maradufu?"

Nilifungua historia ya jedwali kwa `DESCRIBE HISTORY`. Data ilikuwa imeandikwa mara mbili usiku ule, yaani maandishi mawili, moja la saa 8 na jingine la saa 11, kila moja likiwa na namba tofauti ya kazi. Hapo nikaelewa. Amri ya `generate` hunakili maelezo ya kazi tu. Haiiunganishi faili na ile kazi iliyoko kule. Kwa hiyo nilipopandisha, ilizaliwa kazi mpya, na ya zamani ikaendelea na ratiba yake. Kwenye `dev` nisingeweza kuliona hili, kwa sababu `mode: development` huweka jina lako mbele ya kila kazi na kusimamisha ratiba zote. Majaribio yangu yote nilikuwa nimeyaendesha kwa mkono.

Jedwali lilikuwa la Delta, muundo unaotunza matoleo ya awali ya jedwali, nikalirudisha kwa `RESTORE TABLE` hadi toleo la kabla ya maandishi ya pili. Halafu `databricks bundle destroy -t prod`, ambayo iliondoa kazi mpya peke yake, kwa kuwa ndiyo pekee mradi ulioitambua. Kisha ndipo nikafanya nilichopaswa kukifanya mwanzo: `databricks bundle deployment bind` na namba ya kazi ya zamani, halafu `deploy` tena. Safari hii iliyobadilishwa ni ile ile ya zamani, pamoja na historia yake yote ya kuendeshwa. Uangalifu unahitajika hapa: ukishaiunganisha hivyo, `destroy` itaifuta hata hiyo ya zamani. Niliwaambia wenzangu wote watatu ana kwa ana, sikutaka wakutane nalo kwenye ujumbe.

Niligusa na kodi yenyewe. Ilikuwa inaongeza mistari kwa `INSERT`. Nikaweka `MERGE`, inayolinganisha kwanza na mistari iliyopo, kwa namba ya risiti, ili kazi ikijirudia isizidishe mauzo. Kusema kweli hilo lilipaswa kuwepo siku nyingi, hata kabla ya terminali.

Sasa mtu akiifungua kazi ile kwenye kivinjari anaikuta imefungwa, anaambiwa inasimamiwa na mradi. Akitaka kusogeza ratiba anabadilisha faili, anatuma kwenye Git (mfumo wa kutunza mabadiliko ya mafaili), mwenzake anaipitia. Na dada wa fedha, akiwasha kompyuta saa 2 asubuhi, anakuta ripoti ilishamaliza zamani.