Namna Nilivyomvisha Pete Mwenzangu Kwenye Fungu la Maziwe

Mimi na mwenzangu tunaishi Moshi mjini, na kwao ni Machame, ng'ambo ya mto Weruweru. Nilipoamua kumvisha pete ya uchumba bila yeye kujua, rafiki zangu walinishauri nikodi bustani ya hoteli hapa hapa mjini, niite mpiga picha na kupamba kwa maputo. Sikuupenda ushauri huo, kwa sababu Moshi ni mji ambao habari ya maputo ingemfikia kabla maputo yenyewe hayajajazwa upepo. Nilichagua Pangani, mkoani Tanga, na sababu yangu ilikuwa mto. Maji ya Weruweru huingia Kikuletwa, Kikuletwa hukutana na Ruvu katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto huitwa Pangani mpaka unapomwagika Bahari ya Hindi kwenye mji wenye jina hilo hilo. Nilitaka swali langu niliulize kule yanakoishia maji ya kwao.

Kazi ya kwanza ilikuwa kipimo cha kidole. Mwenzangu ana pete moja ya fedha ambayo huivua anapokanda unga wa chapati na kuiweka dirishani. Jioni moja, mikono yake ikiwa imejaa unga, niliichukua, nikaididimiza kwenye kipande cha sabuni ya mche kilichokuwa kando ya karo, nikaifuta na kuirudisha mahali pake. Kesho yake niliipeleka sabuni kwa sonara ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Alicheka, kisha akaniambia kwamba nimefanya vema kuiwahisha, kwani sabuni ikikauka husinyaa na alama husinyaa nayo. Akaongeza kwamba wengi humletea uzi, na uzi ukivutwa kidogo tu kipimo kinapotea. Pete aliyoitengeneza ilimkaa sawasawa.

Kazi ya pili ilinipa shida zaidi. Shangazi yangu, niliyemdokezea, alikunja uso na kusema kwamba kwa desturi yetu hutangulia mshenga na barua ya posa, na kwamba pete isiyojulikana na wazee ni pambo tu. Nilimheshimu, lakini sikutaka wazee wajue kabla ya mhusika mwenyewe. Nilitafuta njia ya katikati: nilimwendea kaka mkubwa wa mwenzangu, nikamweleza nia yangu pamoja na ahadi kwamba barua itafuata ndani ya wiki mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, halafu akasema, "Shemeji, mimi sijasikia kitu. Ila usimpandishe chombo bila jaketi la kuokolea, huyo hajui kuogelea." Nilichukua maneno hayo kuwa baraka.

Kisingizio cha safari kilikuwa harusi ya mfanyakazi mwenzangu huko Tanga. Uongo huo ulinitokea puani, kwa maana mwenzangu si mtu wa kwenda harusini mikono mitupu. Alitaka kuona kadi, nikasema imebaki ofisini. Akauliza kiwango cha mchango, nikababaika. Mwishowe akanikabidhi shilingi 50,000 nimfikishie katibu wa kamati, na akashonesha gauni la kitenge kwa ajili ya sherehe isiyokuwepo. Kila nilipoliona lile gauni limetundikwa mlangoni, dhamiri ilinisuta.

Ninalotaka kulieleza kwa urefu ni suala la maji, kwa sababu sisi wa mlimani hatulizoei. Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya bahari, mwendo wa takriban saa moja kwa mashua ya injini kutoka Pangani, na huonekana maji yanapokupwa tu. Yakijaa, fungu lote huzama. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku, hivyo huwezi kuchagua tarehe kwa kuangalia likizo yako pekee. Nilichagua Jumamosi ya mwishoni mwa Oktoba iliyoangukia bamvua, siku za mwezi mpevu ambazo maji hutoka sana, na upepo wa kusi ulikuwa umeshapungua nguvu. Nilipata jedwali la maji kwenye simu, nikaona kwamba yatakuwa chini kabisa saa moja na dakika 20 asubuhi, nikampigia nahodha kumwambia tuondoke gizani.

"Mwanangu," alinijibu, "saa moja hiyo utakuta bahari tupu, fungu hulioni. Siku hiyo maji yanatoka mpaka saa nne na ushei."

Nilibisha, nikamsomea jedwali. Baada ya kukata simu ndipo nilipoona kwamba jedwali lile lilifuata saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Nilimpigia tena kumwomba radhi. Tangu hapo sikumbishia kwa lolote, na hata kiingilio cha hifadhi nilimwachia aniongoze kukilipa.

Tulisafiri Ijumaa kwa basi mpaka Tanga, kilomita zipatazo 350, kisha tukachukua basi dogo hadi Pangani na kufika jua likizama. Asubuhi nilimwambia kwamba harusi ni ya jioni, kwa hiyo tunaweza kutembea baharini kidogo. Tulipovuka mlango wa mto nilimwonyesha maji ya udongo yakijichora ndani ya maji ya buluu na kumweleza yalikotoka, hotuba niliyoifanyia mazoezi kwa mwezi mzima. Hakusikia hata neno. Alikuwa ameinama, ameshika ubavu wa mashua kwa mikono miwili, na nahodha alikuwa akimpa ndimu anuse.

Kwenye fungu hakuna mti wala kivuli, hivyo nahodha alisimamisha miti miwili na kutandaza turubai. Mwenzangu alilala chini yake karibu nusu saa, nami nilikaa kando nikiishika pete mfukoni, ndani ya mfuko wa nailoni nilioufunga kwenye kishikio cha mkanda. Alipoamka na kuomba maji ya kunywa, bahari ilikuwa imeanza kurudi. Nahodha alikohoa. Nilitazama chini nikaona kandambili za mwenzangu, alizoziacha kwenye mchanga mkavu, zinaelea.

Nilipiga goti hapo hapo, likazama kwenye mchanga, na maneno yote niliyoyaandaa yakanitoka. Nilimuuliza tu kama atakubali kuolewa nami. Alinitazama, akaitazama pete, kisha akauliza, "Kwa hiyo yule mwenzako wa kazini haoi?" Nikasema haoi. "Na 50,000 yangu?" Nikasema ninayo. Ndipo alipocheka na kunyoosha mkono, huku nahodha akikimbiza zile kandambili.

Barua ya posa ilikwenda Machame siku ya 11, mikononi mwa mshenga aliyechaguliwa na shangazi mwenyewe. Ile fedha mwenzangu alikataa kuipokea. Katika daftari la michango ya harusi yetu, jina la kwanza ni lake, mbele yake pameandikwa 50,000, amelipa.